Steringi kutoka ughaibuni

Mwezi mzima mpwa wangu alikuwa ananihubiria. Kila nikikaa sebuleni ananiwekea simu usoni: mjomba, tazama hili dude; mjomba, sikia huu muziki. Dude lenyewe ni mnyoo, mrefu kuliko boti ya Zanzibar, unatembea chini ya mchanga. Mimi sinema za mwaka 10191, za watu wenye majina kama dawa za mifugo, si mteja wake. Ile ya kwanza ya 2021 niliianza kwenye kompyuta yake, usingizi ukanichukua, na nilipoamka bado kulikuwa na mchanga. Lakini safari hii alishakata tiketi mbili, na kijana wa chuo akikukatia tiketi kwa hela ya boom, yaani mkopo wake wa masomo, unakataaje?

Basi Jumamosi ya kwanza ya Machi 2024 tukaenda kuiona Dune sehemu ya pili.

Mlangoni nikanyang'anywa chupa ya maji. Sheria ya jumba, vya nje haviingii. Ndani maji yapo, ila kwa bei ya chupa moja mtaani kwetu naondoka na nusu katoni, nikasema potelea mbali, nitavumilia. Nikanunuliwa bisi za chumvi. Sikujua kwamba naingia kukaa jangwani saa mbili na dakika arobaini na sita.

Nianze na kilichonikaa moyoni, nacho ni hayo hayo maji. Kwenye ile ya kwanza, kabla sijasinzia, niliwahi kuona kiongozi wa wenyeji wa jangwani, Stilgar, anaingia barazani kwa mtawala mgeni na kutema mate juu ya meza. Walinzi wanashika silaha. Mmoja anayewajua wenyeji anawahi kumshukuru kwa kuwapa majimaji ya mwili wake, kisha naye anatema, na wakubwa wote wanafuata. Nikasema hee. Huyu aliyetunga jambo hili alikaa akafikiri.

Hii ya pili inaenda mbali zaidi. Mtu akifa, mwili unavutwa maji kwa mtambo, yanaingia mfukoni, yanabebwa hadi pangoni na kumiminwa kwenye bwawa kubwa, tulivu kama kioo. Bwawa lile ndiyo makaburi yao. Mtu yuko radhi afe kwa kiu pembeni yake kuliko kuligusa. Ukumbi ulinyamaza pale, hata waliokuwa wanatafuna waliacha. Mimi nilikuwa nimeondoka kabisa, niko Tanga, uani kwetu, siku tuliyomwosha baba. Nilikuwa mshika kata. Ndoo ya mwisho ilikuwa na karafuu maiti, na mzee aliyekuwa akituongoza ananiambia taratibu, taratibu, usimwage, maji yatiririke yenyewe. Sisi maiti tunampa maji, wale wanamtoa. Na bado niliona ni heshima ile ile.

Denis Villeneuve, mwongozaji, hakuwa na haja ya kuniingiza kwenye siasa za makabaila wa nyota baada ya hapo. Ameniingiza, na humo nilichoka. Kuna Mfalme Mkuu mzee ambaye kazi yake ni kukaa akiwa na huzuni. Kuna sayari ya maadui iliyopigwa kwa kamera za kunasa mwanga usioonekana kwa macho, kila kitu cheupe na cheusi, watu wana ngozi kama yai lililomenywa. Inapendeza, inatisha, basi. Mpwa wangu aliniambia tukitoka kwamba hapo sikuelewa kitu. Inawezekana.

Ila kuna kitu nilielewa kuliko yeye, na hapo nilijisikia raha sana, nakiri.

Wale wenyeji, Fremen, wanazungumza lugha ya kutungwa, lakini maneno mengi ya imani yao Frank Herbert aliyachota kwenye Kiarabu alipoandika riwaya ya Dune, ikatoka 1965. Mtu aliyepita madrasa na kukulia kwenye Kiswahili cha pwani anakaa pale kama yuko barazani kwao. Kijana Paul, mtoto wa yule mtawala mgeni, ambaye sasa anaishi kwao, wanamwita Mahdi. Sawa, nani hamjui Mahdi anayesubiriwa. Wanampa jina la Usul, nguvu iliyo chini ya nguzo. Usuli! Nilicheka peke yangu gizani. Ukisoma tasnifu yoyote ya Kiswahili, sura ya kwanza utakuta "Usuli wa Tatizo". Kijana wa watu kaitwa sura ya kwanza. Halafu akachagua mwenyewe Muad'Dib, jina la panya wao mdogo wa jangwani, nami nikasikia kuadibu, nikamwona mwalimu wangu wa madrasa na bakora yake, wala si panya.

(Si mara ya kwanza Hollywood kuja kuteka maji kisimani kwetu. Kwenye ile Star Wars ya 1983 kuna rubani msaidizi mwenye mashavu ya kuning'inia, kiumbe cha sayari nyingine, na anachozungumza ni Kikuyu.)

Neno lililonishika zaidi ni lile ambalo Stilgar halimtoki mdomoni. Kijana akipanda mnyoo, Lisan al-Gaib. Akikataa kwamba yeye ndiye, Stilgar anasema mnaona, ni mnyenyekevu, ndivyo ilivyoandikwa, Lisan al-Gaib! Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na Javier Bardem, anayemcheza Stilgar, anachekesha kweli. Nikamnong'oneza mpwa wangu, wamesema maana yake nini? Akanijibu kwamba ile ya kwanza, wakati mimi nakoroma, mama wa kijana alieleza: sauti ya kutoka ulimwengu wa nje.

Lisani ni ulimi. Ghaibu ni kisichoonekana, kilicho mbali na macho. Na sisi tumeliweka neno hilo hilo kwenye tiketi ya ndege: ughaibuni. Yaani wale watu wa jangwani, kwa miaka na miaka, wanamsubiri mtu wa kutoka ughaibuni.

Kuanzia hapo sikuitazama tena kama sinema ya anga. Nani kwetu hajamwona huyu mtu? Anashuka na masanduku, kila alisemalo lina uzito, hata akikosea wanasema ana sababu zake. Mtaani tuna mafundi walioambiwa miaka kumi kwamba mfereji umejengwa vibaya na jirani yao, hawakusikia, akaja mmoja na lafudhi, akasema maneno yale yale, wakatoa madaftari wakaandika. Tofauti ni kwamba kwenye Dune utabiri wenyewe ulipandikizwa. Kuna chama cha masista wenye shela nyeusi, wanajua kupika imani, waliipeleka huko zamani ili siku mmoja wao akikwama jangwani apate pa kujishikiza. Mama wa kijana ni mmoja wao. Anazunguka na mimba yake akiwakoroga watu, kuanzia wale wanyonge wenye hofu. Yule mwanamke alinitisha kuliko minyoo yote.

Sasa, mimi shule yangu ya sinema ni kibanda umiza. Benchi la mbao, televisheni moja juu ya kabati, na kanda iliyotafsiriwa na Lufufu, ambaye alikuwa akikueleza kila kitu, hata kisichokuwepo. Elimu yenyewe ilikuwa fupi. Kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi. Steringi akipigwa mwanzoni usiwe na wasiwasi, mwisho atalipa. Ukiingia kibandani umechelewa unauliza swali moja tu, steringi yupi?

Kwa hiyo Timothée Chalamet, anayemcheza yule kijana, alipotoka na kunusurika kwenye lile tuta lililobomoka, akasimama juu ya mgongo wa mnyoo, kulabu mbili mkononi, viti vinatetemeka kwa sauti, mimi mzima nilipiga makofi. Ukumbi wote ulipiga. Kijana wa nyuma yangu alipiga mluzi. Lile tukio peke yake ni halali ya tiketi.

Halafu taratibu mambo yakabadilika, na makofi yakaendelea. Anaingia kwenye baraza kuu la kusini, anawatajia watu siri zao, anawafokea, wanapiga magoti. Makofi. Anashinda pambano la visu, Mfalme anabusu pete. Makofi. Wakubwa wengine wanakataa kumtambua, naye anaagiza watu wake wapande vyombo, vita takatifu ianze nyota hadi nyota. Riwaya, naambiwa, inasema jihadi bila kuficha. Sinema imeona ikwepe. Na kijana wa nyuma yangu anapiga mluzi ule ule.

Aliyekuwa hapigi magoti ni mmoja tu, Chani, yule binti anayempenda, anayechezwa na Zendaya. Tangu mwanzo anasema huu utabiri ni kamba ya kutufungia. Mpwa wangu anasema kitabuni hakuwa hivyo, anabaki naye. Ni sinema iliyompa ukaidi. Basi imefanya vizuri, kwa sababu bila uso wake nisingejua nijiweke wapi. Picha ya mwisho ni yeye, peke yake jangwani, macho yamejaa, anamsubiri mnyoo wake aondoke zake. Taa zikawaka. Nikamuuliza mpwa wangu kwa sauti ya kibandani kabisa: sasa humu steringi yupi?

Akasema, mjomba, ndiyo hiyo sasa.

Tulitoka, nikanunua maji kwa muuza genge wa nje ya geti, nikanywa chupa nzima nimesimama. Kwenye daladala akanieleza kwamba Herbert aliandika kitabu kile kuwatahadharisha watu na mashujaa. Nikamwambia basi tahadhari imepigiwa ngoma nzuri mno. Huwezi kuniwekea muziki wa Hans Zimmer masikioni, ukanipandisha mnyoo, kisha ukanilaumu kwa nini nimeshangilia. Akabisha, akasema ndiyo maana yake, ushangilie halafu ujishtukie. Sijakubali mpaka leo. Kijana wa mluzi hakujishtukia.

Siku chache baadaye Ramadhani ikaingia. Saa kumi alasiri, jua la Dar limekukalia kichwani, midomo imekauka, nilikuwa najikuta nalifikiria lile bwawa.

Sikukuu ya Idi tulikwenda ufukweni, Coco, ukoo mzima. Mpwa wangu akaamua kuwaonyesha wadogo zake mwendo wa Fremen, ule wa kuvuruga hatua ili mnyoo usisikie mdundo: unaburuta mguu, unasita, unazunguka, unaruka nusu hatua. Mtu ambaye ngoma imemkataa kabisa. Alikwenda hivyo kama mita hamsini, uso umekaza, mikono pembeni. Alipogeuka nyuma, wadogo zake walikuwa wamesharudi kwenye mihogo. Badala yao kulikuwa na watoto wanne tusiowajua, wamepanga mstari, wanaburuta mguu, wanasita, wanazunguka, kila mmoja anakanyaga palepale alipokanyaga yeye.