Sigara ya Ami

Msimu ule wa karafuu ami hakupanda mti. Kila akitazama juu aliona matawi mawili palipo na moja, na macho yamemtoka hata ukimkuta barazani unadhani kakasirika. Usiku kope hazikukutana, asubuhi anaamka macho mekundu, machozi yanamchuruzika. Wete maneno hayakukawia: mara husuda, mara shetani. Jirani mmoja alitaja tezi ya shingo, akanyamazishwa, maana ami hakuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Kukonda na kutetemeka mikono tulikusingizia uzee.

Mimi na mkewe tulimpeleka Unguja kwa meli. Daktari, binti mdogo tu, alimwambia afuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa. Jicho la kushoto lilipofika juu likagoma. Akampapasa shingo, akaagiza damu.

Majibu yakaonesha tezi inafanya kazi kupita kiasi. Kinga ya mwili, alisema, inaichokoza tezi, na hiyohiyo inavimbisha misuli na mafuta nyuma ya jicho, jicho likakosa nafasi na kusukumwa mbele.

"Baba, unavuta sigara?"

Ami akacheka. "Mwanangu, moshi unakwenda mapafuni. Macho yameingiaje hapo?"

Hakumgombeza, na hilo lilinipendeza. Alimwambia mgonjwa wa tezi anayevuta ndiye macho humshika zaidi, yakimshika humuumiza zaidi, na hata dawa za kutuliza uvimbe hazimfai kama asiyevuta. Wanawake ndio wengi wenye maradhi haya, lakini mwanamume wa makamo yakimpata huwa mazito. Ile tiba ya kunywa iodini yenye mionzi aliiweka kando kwanza: huweza kuyachochea macho, hasa ya mvutaji. Vidonge visikatizwe, damu ipimwe tena na tena, kwani tezi ikizidi ni hatari kwa macho na ikipungua mno vilevile.

"Na mimi ninayelala ndani ya moshi wake?" akauliza mke wa ami. Nadhani swali lile lilimuuma ami kuliko maelezo yote.

Mikono ilitulia baada ya miezi. Matawi yakarudi kuwa moja, ingawa macho hayakurejea yote ndani. Sigara aliacha kweli. Akahamia tambuu, mkewe akawa analalamika ukuta wote mate mekundu.

"Daktari kakataza moshi," ami humjibu. "Tambuu hakuitaja."