Kansa ya mama iliporudi kwenye mifupa: makaratasi, mionzi na mofini

Kansa ya titi ya mama ilirudi kwenye mifupa ya mgongo, miaka kadhaa baada ya kumaliza dripu za dawa za kansa. Kabla ya kukimbilia hospitali nyingine tulitafuta makaratasi mawili ya zamani: jibu la kinyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa kupimwa) la mara ya kwanza, lile lenye matokeo ya ER na PR, yaani vipokezi vya homoni, na HER2, protini inayochochea kansa kukua, na orodha ya dripu alizopewa pamoja na kiasi chake.

Orodha hiyo ina uzito wake. Ile dripu nyekundu, doksorubisini, hudhoofisha misuli ya moyo, kwa hiyo ina kikomo cha maisha yote: kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili. Mizunguko minne ya miligramu 60 tayari ni 240. Daktari asipoziona hesabu hizo, anabahatisha au anaiacha kabisa. Kadi ikipotea, omba muhtasari kwa namba ya faili. Kinyama kipya pia kikiwezekana kichukuliwe, maana vipokezi vya homoni huweza kubadilika kansa inaporudi, na dawa ikabidi ibadilike.

Kwenye mionzi tuliuliza swali moja: mara moja au mara kumi? Kwa maumivu ya mfupa ambao haujavunjika na hakuna mshipa wa uti wa mgongo uliobanwa, mionzi ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) ya mara moja hutuliza karibu sawa na ile ya siku nyingi, ila huenda ikahitaji kurudiwa baadaye. Kwa mgonjwa anayetoka Songea kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, hapo ndipo nauli na malazi yanapookolewa. Siku mbili tatu za mwanzo maumivu huweza kupanda, na nafuu kamili huchukua wiki kadhaa. Msipunguze mofini, dawa kali ya maumivu, mapema.

Mofini ndiyo ilitupa kazi kubwa nyumbani, na hapo ndugu walibishana, kwa sababu wengi wanaamini ni dawa ya anayekata roho. Si hivyo, mtu huitumia kwa miezi na kuendelea kupika na kwenda kanisani. Ile ya maji huisha nguvu baada ya saa nne hivi, kwa hiyo hunywewa kwa saa, bila kungoja maumivu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa alale hadi asubuhi, kama daktari ameridhia. Maumivu yakichomoza katikati, anapewa dozi ya ziada inayolingana na ya kawaida, kisha inaandikwa daftarini. Daktari huongeza dozi kwa kuhesabu hizo za ziada, hivyo asiyeandika anamnyima mgonjwa nafuu.

Soma lebo kila mnapopewa chupa mpya. Ipo ya miligramu 5 kwa mililita 5, na ipo ya miligramu 50 kwa mililita 5. Kipimo kilekile, nguvu mara kumi. Tunapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya chai vya nyumbani vinatofautiana mno. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, ianze siku ileile ya mofini: kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, lakini choo kigumu hakiishi chenyewe. Mgonjwa akiwa mgumu kuamka, anapumua polepole, na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, msimpe dozi inayofuata. Mpelekeni hospitali mara moja.

Wakati wa dripu, homa ya nyuzi 38 ni dharura, hasa siku ya 7 hadi 14, chembe nyeupe zinaposhuka. Pimeni joto kabla ya kumpa panadoli, maana huficha homa.

Miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, huku mgongo unauma, huo ni uti wa mgongo kubanwa. Msingoje siku ya kliniki: nendeni saa hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu miguu ikishapooza kabisa mara nyingi hairudi.