Ubao wa slalomu haupimwi kwa kimo

Kila aliyenishauri kuhusu ski ya slalomu, yaani ubao mmoja wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na boti, aliniangalia utosini kwanza. Kosa hilo lilinipotezea karibu msimu mzima wa kaskazi. Naandika kwa sababu leo nateleza kwa ubao mmoja kutoka Ras Kitau hadi mbele ya Shela na kurudi, huku kwetu Lamu, na bado nasikia watu wakiwaambia vijana maneno yale yale.

Kimo changu ni sentimita 165, uzito kilo 88. Ni mfupi mwenye mwili, na mawe ya matumbawe ya kujengea nimeyabeba tangu ujana. Ski mbili nilikuwa nimeshazizoea, kwa kuwa kazi yangu ni ya boti na wageni wakichoka hunipa zamu. Nilichokitaka ni ubao mmoja, wangu mwenyewe, na kuinuka nao kutoka majini moja kwa moja. Wako wanaoanza na ski mbili halafu wakaiangusha moja njiani. Hapa kwetu, siku za bamvua, mkondo wa Shela utaibeba hiyo uliyoiangusha na hutaiona tena.

Nilikwenda Mombasa kwa mtu anayeuza vifaa vya bahari vilivyotumika. Akausimamisha ubao kando yangu, ncha ikalingana na utosi. "Umekufika sawasawa, huu ndio wako." Inchi 65. Mwembamba, chini umechimbwa kama mfereji, pezi la alumini linang'aa. Nikatoa elfu kumi na tano na ushei, nikasafiri nao kwa basi mpaka Mokowe nimeukumbatia.

Asubuhi ya kwanza tulitoka baada ya sala ya alfajiri, upepo haujaamka, maji yametulia tuli. Binamu yangu yuko kwenye usukani, mpwa wangu ameketi akiangalia nyuma, kazi yake kunitazama mimi tu. Nami niko majini, magoti kifuani, ncha ya ubao imechomoza, kamba imepita pembeni mwake. Nikasema, "Haya!" Boti ikainua pua, injini ikalia, na mimi nikaanza kulima bahari. Sikupanda. Maji yalinipiga kifuani, yakapanda usoni, yakaingia puani, na ubao ukacheza chini yangu kushoto na kulia. Nikang'ang'ania mpaka vidole vikafunguka vyenyewe. Tukazunguka, kamba ikarudi, nikashika tena. Mara saba! Ile ya saba nilivutwa mbali kiasi kwamba nilipoachia nilikuwa nimeshalipita gati, na viganja vyote viwili vimetoka malengelenge.

Ufukweni ushauri haukwisha. Mmoja akasema mikono yangu dhaifu. Mikono hii! Mwingine akasema ninyooshe miguu upesi. Nikajaribu siku ya pili, nikatupwa mbele kichwa kwanza. Msimtii anayewaambia hivyo. Magoti hubaki yamekunjwa mpaka ubao ulale wenyewe juu ya maji. Binamu yangu peke yake alisema neno la maana, "Injini imefika mwisho, haina zaidi," na hilo ndilo sikulitilia maanani.

Aliyenifungua macho ni mgeni mmoja mzee kutoka Ufaransa, aliyecheza mchezo huu tangu utoto. Aliutazama ubao, akauliza mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: nina kilo ngapi, na boti yetu ikinivuta inakwenda kasi gani. Kimo hakukitaja kabisa.

Maelezo yake niliyaelewa mara moja, kwa kuwa mtu wa bahari anayajua tayari bila kujua kwamba anayajua. Kinachokuinua ni maji yanayosukuma upande wa chini wa ubao. Msukumo huo unategemea eneo la ubao na mwendo, na mwendo ukipungua nusu, msukumo unabaki robo. Basi mtu mzito nyuma ya boti ya polepole anahitaji ubao mrefu na mpana. Mbao nyembamba kama ule wangu zimetengenezwa kwa mashindano, ambako boti huvuta kwa kilomita 55 hadi 58 kwa saa.

Boti yetu je? Saa ya mwendo ilikufa miaka mingi. Nikampa mpwa wangu simu yenye programu ya kupima mwendo kwa satelaiti, nikavutwa kwa ski mbili za wageni, yeye anasoma. Boti tupu ilikuwa imefika 52. Nikiwa nyuma haikuvuka 44. Pimeni hivyo hivyo, na mtu akiwa kwenye kamba, kwa sababu boti tupu itawadanganya. Uzito nao nilikuwa nikisema "themanini hivi". Mizani ya duka la jumla, ile ya magunia ya sukari, ikasema 88.

Hata hivyo sikutaka kupoteza pesa mara ya pili kwa maneno ya mtu, hata awe mwema namna gani. Nikavuka hadi Matondoni kwa fundi wa majahazi, anitengenezee wa kujaribia. "Ami, nataka ubao wa inchi 68, mpana inchi 8, ncha imepinda juu." Akapima kwa mkono: shibiri saba na nusu. "Mwanangu, mimi napinda mbao za jahazi nzima, hiki ni kijiti." Akachukua ubao mwepesi uliobaki kwenye kazi, akaifunga ncha kwa matambara, akaimwagia maji ya moto birika baada ya birika huku akiikandamiza kidogo kidogo chini ya gogo. Asubuhi ilikuwa imekubali. Mmarekani Ralph Samuelson, aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1922 kwenye ziwa Pepin huko Minnesota, naye alizilainisha ncha za mbao zake kwa kuzichemsha, basi sikuona haya. Kamba za miguu tulikata kwenye tairi, kama za malapa. Pezi likawa kipande cha mti mgumu.

Mara ya kwanza ulinitoka mguuni. Mara ya pili nilihisi kitu ambacho sikukihisi hata mara moja kwenye ule wa dukani: maji yamekuwa magumu chini ya unyayo. Yalishuka kutoka kifuani hadi kiunoni, kiunoni hadi magotini, nikasimama! Mpwa wangu alipiga yowe mpaka punda wa ufukweni wakageuka. Kona haukukata hata moja, ulikwenda mbele tu kama mlango. Lakini swali langu lilikuwa limejibiwa, na mikono ilikuwa ile ile.

Wiki chache baadaye nikanunua ubao wa kweli kwa mtu wa Kilifi aliyekuwa akihama, kwa bei ya juu kidogo kuliko ule wa kwanza. Inchi 68, mpana mbele ya miguu, kiatu cha mbele laini, nyuma mkanda wa vidole tu. Nilipanda jaribio la kwanza. Ningekuwa na boti yenye nguvu zaidi, 67 ingenitosha, na ingelala ubavuni kwa urahisi zaidi kwenye kona. Msiruke hadi mkubwa kupita kiasi, maana huo huelea juu mno na kila wimbi dogo mnalihisi magotini. Na kabla ya kufunga kiatu jueni mguu wenu wa mbele. Mimi niliteleza na soksi kwenye sakafu ya nyumbani, nikatazama upi unatangulia. Pezi la alumini huliwa na chumvi, lisuuzeni kwa maji ya kisima kila mkitoka, na legezeni skrubu zake mara moja moja zisigande.

Ule wa inchi 65 niliutundika ukutani kwa hasira. Juzi mpwa wangu akaja kuniomba huu mpya. Kijana amenipita kichwa kizima, akausimamisha kando yake, akasema huu wenyewe hata haumfikii utosini. Nikampeleka kwenye mizani ya sukari. Kilo 61. Nikamshushia ule wa ukutani, tukaenda Ras Kitau alfajiri, boti ikamvuta kwa 48, na kwenye jaribio la tatu alikuwa amesimama.