Siku moja kwenye meza ya fundi: laptopu yenye magonjwa mawili

Saa 1:30 asubuhi nafungua kibanda. Nipo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi inashuka kwenye mabasi: laptopu zilizotumika, zimenunuliwa mtandaoni, zimelipiwa kwa simu, zikatumwa kama kifurushi kutoka Dar. Mnunuzi anaishika mkononi kwa mara ya kwanza wakati pesa imeshaondoka. Wengi wanapata mashine nzima kabisa. Waliobaki nakutana nao mimi.

Saa 2:15. "Shikamoo fundi." "Marahaba mdogo wangu, karibu ukae." Ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, amelipakata begi kama mtoto anayepelekwa zahanati. Laptopu kainunua kwa shilingi 480,000, akiba ya zaidi ya mwaka mzima, na data za utafiti wake zote zimo humo. Ina wiki haijaisha na inazimika ovyo. Fundi wa kwanza aliitazama dakika kumi, akasema bodi, yaani ubao mkuu wa mashine, imekufa, alete laki mbili na nusu. Muuzaji amempa siku 7 za kujaribu. Leo ni ya 5.

Nikaweka kazi nyingine pembeni. Hii "bodi imekufa" inaniuma sana. Bodi inasingiziwa kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu mteja haioni na hawezi kubisha. Nimeona watu wanalipia bodi wakati tatizo lilikuwa chaja.

Kabla ya yote nikanakili data zake kwenye diski ya nje. Mashine inayozimika ovyo haipimwi ikiwa na kazi ya mtu ndani. Kisha nikamuuliza, "Inazimikaje? Inakata kama umeme umekatika, au inaandika kitu kwanza?"

"Zote mbili, fundi. Nikiendesha uchambuzi wa takwimu inakata tu. Halafu kuna ile ya kioo cha bluu, inakuja hata nikiwa naandika barua, na kila mara maneno yake ni mengine."

Jibu hilo lilikuwa nusu ya kazi. Kukata ghafla mzigo unapokuwa mzito, mara nyingi ni joto: prosesa nyingi za Intel zikifika karibu na nyuzi joto 100 hupunguza mwendo, na joto likizidi kupanda mashine hujizima isije ikaungua. Kioo cha bluu chenye ujumbe unaobadilikabadilika ni tabia ya RAM mbovu, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi. Nikaanza kuhisi kwamba mgonjwa wangu ana magonjwa mawili.

Saa 3:00, bado sijashika bisibisi. Namba ya mashine iliyobandikwa chini inalingana na ile iliyomo kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows. Zikitofautiana ujue kava au bodi imetoka kwingine. Nenosiri la BIOS lililoachwa na ofisi iliyokuwa ikiitumia zamani, hakuna. SSD, diski ya kuhifadhia data, afya yake nzuri. Kwenye dirisha la amri nikaandika powercfg /batteryreport, amri ambayo natamani kila mnunuzi aijue, maana Windows inakuandikia ripoti ya betri bila programu ya ziada wala shilingi moja. Kiwandani betri hii ilikuwa na uwezo wa kubeba umeme wa 45,000 mWh. Sasa ikijaa inafika 19,800. Asilimia 44. Kwenye tangazo iliandikwa "betri safi".

Saa 3:40 nikaibebesha prosesa mzigo huku nasoma joto. Dakika nne tu, nyuzi 98, kisha giza. Nikafungua kava la chini. Mapezi ya kutolea hewa yalikuwa yamezibwa na utando wa vumbi uliogandamana kama kipande cha blanketi; niliutoa mzima kwa kibano. Ile pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikauka hadi ikawa inamomonyoka kama chaki. Nikasafisha feni kwa brashi, nikafuta kwa spiriti, nikapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele. Mzigo uleule, nusu saa nzima: nyuzi 79, haikukata hata mara moja.

Hapa ndipo mafundi wengi tunakosea, na miaka ya nyuma mimi mwenyewe ningemkabidhi mashine na kupokea hela yangu. Saa 5:10, mashine ikiwa ya baridi kabisa, haina mzigo wowote, kioo kikageuka bluu.

Saa 5:30 nikawasha MemTest86 kutoka kwenye fleshi. Hii inapima RAM yenyewe, Windows haihusiki kabisa. Ndani kulikuwa na vijiti viwili vya RAM, kila kimoja GB 4. Mistari myekundu ya makosa ikaanza kumiminika kabla chai yangu haijapoa. Sasa, mbovu ni kijiti kipi? Hapa hakuna njia ya mkato, unabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kijiti cha kwanza peke yake kwenye tundu la kwanza: safi. Cha pili peke yake kwenye tundu hilohilo: safi. Nikahamishia cha kwanza tundu la pili: makosa. Cha pili kwenye tundu la pili: makosa. Vijiti vyote vizima. Anayeumwa ni tundu.

Mchana ulipita kwa vipimo hivyo na kazi ndogondogo. Mzee mmoja alileta laptopu ambayo padi ya kipanya imenyanyuka, akidhani imepinda kwa kuwekewa vitu juu. Betri ilikuwa imevimba chini yake. Nilimwomba asiichaji tena hata dakika moja, nikaitoa taratibu. Jamani, betri ya lithiamu iliyovimba usiibonyeze irudi, usiitoboe. Inawaka moto.

Saa 9:20 umeme ukakatika katikati ya kipimo. Betri ile ya asilimia 44 ikaibeba mashine dakika arobaini mpaka umeme ukarudi, imebaki kidogo sana.

Saa 10:15 nikainamia tundu la pili na lenzi. Mwishoni, kati ya pini nyembamba kama nywele, kulikuwa na doa la kijani dogo kuliko punje ya ulezi: shaba iliyoliwa. Kuna siku kimiminika kilipita hapa, kikafutwa kwa juu, na yaliyobaki yakaendelea kula shaba polepole. Nikasugua kwa spiriti na brashi laini, nikakausha, nikapima upya. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili, kosa moja. Kosa moja kwenye RAM ni kosa. Siwezi kumwacha mtu aandikie utafiti wake juu ya tundu hilo.

Saa 11:30 akarudi kutoka chuoni. Nikampa karatasi: joto kabla na baada, ripoti ya betri, picha ya lile doa. Nikamwambia ana njia mbili: kuirudisha, au kubaki nayo ikiwa na kijiti kimoja cha GB 8 kwenye tundu zima, itapungua mwendo kidogo lakini itatulia. Akapiga simu palepale. Muuzaji alianza na "ilitoka hapa nzima". Yule binti hakugombana, alimtumia picha na karatasi, akamkumbusha kuwa siku 7 hazijaisha. Baada ya dakika ishirini simu ikaita. Kijiti cha GB 8 kitapanda basi la kesho asubuhi, na shilingi 60,000 za betri zikaingia kwenye simu yake kabla hajaondoka kibandani.

Saa 1:00 usiku nafunga. Mashine yake nimeifungia kabatini, na juu ya tundu la pili nimebandika kipande cha utepe mwekundu: USIWEKE RAM HAPA. Siku moja ataiuza, na fundi atakayeifungua huko iendako atajua pa kuanzia.