Siku moja maishani mwangu: mpangaji ameghairi asubuhi ya kuhamia

Saa 12:10 asubuhi. Nafagia uwanja wa nyumba ya shangazi, hapa Tabata, Dar es Salaam. Ina vyumba 6 na mimi ndiye msimamizi; mwenyewe anaishi Tanga. Leo Jumamosi mpangaji mpya wa chumba cha 4 alikuwa aingie na mizigo. Ujumbe unaingia: "Dada, samahani sana. Kazini wamenihamishia Dodoma, naripoti Jumatatu. Naomba kodi yangu."

Alishalipa miezi 3, shilingi 450,000, na mkataba tukasaini.

Saa 2. Nampigia shangazi simu. Shikamoo, marahaba, kisha anakata shauri: "Hela ikishaingia haitoki. Si alisaini?" Namwelewa, ameshaipangia mabati ya jikoni. Ila kijana hajalala hapa hata usiku mmoja. Kumlia kodi yote, halafu wiki ijayo tupangishe mwingine chumba hichohicho, roho yangu inakataa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara aliyoipata, tena inatazama kama alikuwa na njia ya kuipunguza. Namwomba shangazi anipe mpaka jioni.

Saa 4. Nimekaa na daftari. Tumemshikia chumba siku 9 na kurudisha wateja wengine. Kwa 5,000 kwa siku ni 45,000. Rangi ya bluu aliyoitaka yeye, pamoja na fundi, 40,000. Jumla 85,000.

Saa 5. Dalali, aliyechukua kwa kijana kodi ya mwezi mmoja, hataki kusikia habari ya kurudisha: "Kazi yangu nilimaliza, dada." Hayo ni yao wawili. Namwambia basi aniletee mteja leo.

Saa 9 alasiri. Amemleta, mama mmoja na bintiye wa miaka kama sita. Nawaonyesha maji, choo, nawaeleza tunavyochangia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mtoto anapapasa ukuta: "Mama, bluu!" Mama anataka kuhamia kesho na hataki kibadilishwe kitu. Analipa miezi 3 taslimu.

Nairudia hesabu. Rangi imepata mtu wa kuitumia, kwa hiyo si hasara tena. Naifuta ile 40,000. Shangazi anaguna kwenye simu, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Haya, mpe. Lakini aandike."

Saa 12 jioni. Kijana amefika na begi mgongoni, macho mekundu. Nadhani alijiandaa kwa ugomvi. Tunakaa kibarazani na mjumbe wa mtaa. Nakala mbili: mkataba umevunjwa leo, zimekatwa 45,000 za siku 9, amerudishiwa 405,000, funguo 2 zimepokelewa. Anahesabu noti mara mbili, anasaini.

"Dada, nilijua nimeshazipoteza."

Basi lake la Dodoma ni alfajiri. Namtolea maji ya kunywa, namsindikiza mpaka barabarani, kisha narudi kufuta jina lake kwenye daftari.