Kesi Ilikuwa ya Jamhuri

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, baridi ya Moshi ikiwa imeshika na mlima umejifunika mawingu, nilikuwa nikipita kwa miguu karibu na gereza la Karanga nikakuta kikundi cha wafungwa wakifyeka majani kando ya barabara. Walikuwa kumi au kumi na wawili, wamevaa sare za rangi ya chungwa, na askari mwenye bunduki amesimama pembeni akiwaangalia. Nilikuwa nimekwisha kuwapita wengi wao pale mmoja alipoinuka, akaliegemeza fyekeo lake mguuni na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama." Niliitikia "Marahaba" kabla sijamtazama usoni, maana salamu mtu huiitikia kwanza, maswali yakafuata baadaye. Nilipomtazama ndipo nilipomtambua. Ni yule kijana wa mtaani kwetu Majengo aliyevunja mlango wangu wa nyuma usiku mmoja tulipokuwa msibani Kibosho, akaondoka na runinga, mtungi wa gesi na cherehani ya mkono ya marehemu mama yangu.

Runinga nilikwisha kununua nyingine. Cherehani haijapatikana hadi leo, na naomba msomaji alikumbuke hilo anaposoma yanayofuata, kwa sababu sizungumzii jambo hili nikiwa mtazamaji wa mbali.

Nilipomsimulia wifi yangu habari ya ile shikamoo, na kwamba siku nzima nilikuwa na uzito moyoni, alinishangaa. "Wifi, huruma ikizidi inageuka ujinga," alisema. "Wapo yatima, wapo wagonjwa wanaolala hospitalini bila mtu wa kuwaletea hata uji, nawe unamwonea huruma mtu aliyekuachia nyumba tupu?" Sikumjibu siku ile, kwa kuwa maneno yake si ya kubeza. Ndivyo wanavyosema watu wengi ninaowaheshimu, na wengi wao waliwahi kuumizwa kuliko mimi. Nimekaa na swali lake kwa muda mrefu, na ninaandika kwa sababu nadhani sasa ninalo jibu.

Lazima nianze na siku aliyokamatwa. Magazeti yetu yana maneno yaliyozoeleka kwa jambo la namna hii: wananchi wenye hasira kali. Mimi niliwaona wananchi hao, nao walikuwa majirani zangu, vijana ninaowauzia vitenge vya mama zao, na mmoja wao alikuwa amekwisha kulileta tairi. Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilisimama pale bila kutamka neno lolote, nikiwaza cherehani ya mama. Aliyemwokoa kijana yule ni mwenyekiti wa mtaa, mzee ambaye alimkalia mbele na kupiga simu polisi huku akirushiwa maneno. Tangu siku hiyo sijaweza kusema kwa wepesi kwamba watu wako wa aina mbili, wema walioko nje na wabaya walioko ndani.

Alifikishwa mahakamani, akasomewa mashtaka, na mahakama ikasema dhamana iko wazi kwa sharti la kupata wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Wadhamini hawakupatikana. Nani angemdhamini mwizi katika mtaa ule ule alioiba? Akawa mahabusu kwa miezi minane. Kila baada ya wiki mbili hivi alipandishwa karandinga, kesi ikatajwa, upande wa mashtaka ukaeleza kwamba upelelezi haujakamilika, akarudishwa. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia, lakini kwa miaka mingi karibu nusu ya watu walioko katika magereza ya Tanzania wamekuwa mahabusu. Hao ni watu ambao bado hakuna hakimu aliyesema wamekosa. Kwa makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha sheria haitoi dhamana kabisa, na ingawa Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho mwezi Mei 2020, Mahakama ya Rufani ilikirudisha mwezi Agosti mwaka huo huo. Kwa hiyo wifi yangu anaposema "wahalifu wale", nusu ya watu anaowasema hawajawa wahalifu kisheria.

Kijana wangu, nikubalie nimwite hivyo, hakuwa katika fungu hilo la wasio na hatia, maana baadaye alikiri kosa lake. Lakini kabla hajakiri mama yake alikuja kwangu. Anauza ndizi soko la Mbuyuni, na tangu mwanawe akamatwe watu walikuwa wamehamia meza nyingine. Alikuja kuniomba tuyamalize nyumbani, nikamkatalia kwa ukali ambao sijutii, kwa sababu nilitaka sheria ifuate mkondo wake. Akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, dada. Mimi sikulaumu. Ila nisindikize siku moja tu ukamwone."

Nilikwenda, sijui kwa nini hasa. Langoni tulikuta foleni ndefu, wengi wao wanawake, kila mmoja ameshika kikaratasi chenye jina la mtu wake. Mama yule alikuwa amebeba hotpoti iliyofungwa kwa kitenge na kipande cha sabuni ya mche alichokatiwa dukani kwa waya. Zamu yake ilipofika, askari alifungua hotpoti, akachukua kijiti akakoroga maharage mpaka chini kuangalia kama kuna kitu kimefichwa, kisha akamwamuru aonje. Akaonja wali, akaonja maharage, mbele ya watu wote, akitafuna taratibu kama mtu anayethibitisha kwamba hakuja kumwua mwanawe. Namwelewa askari, kwa kuwa kazi yake inamtaka afanye hivyo. Lakini pale ndipo nilipoelewa kwamba adhabu haikai ndani ya ukuta. Ilikuwa imekwisha kumfikia mama huyu, ambaye hakuiba kitu, na hakuna mahakama iliyomhukumu.

Kijana alipoletwa alikuwa anakohoa. Alituambia chumba chao kimejaa kiasi kwamba wanalala ubavu na hugeuka kwa pamoja, na anayeamka usiku kwenda haja hupoteza nafasi yake. Hakunilalamikia mimi, alikuwa akimjibu mama yake aliyemwuliza kama analala vizuri. Kila mtu wa rika langu anajua kinachotokea kwa kikohozi katika chumba cha namna hiyo, na jinsi kifua kikuu kinavyopenda hewa iliyofungiwa.

Hukumu ilipotoka ilikuwa kifungo cha miaka mitatu. Nilikuwepo mahakamani, nikamsikiliza hakimu kwa makini. Hakusema "miaka mitatu na kikohozi". Hakusema "miaka mitatu na kulala kwa zamu, na mama yako akimbiwe sokoni". Alimnyang'anya uhuru wake kwa muda uliopimwa, na kipimo hicho nilikiona cha haki na bado nakiona hivyo. Yote yaliyozidi hapo hayakuandikwa katika hukumu yoyote. Sisi ndio tuliyaongeza, ama kwa mikono yetu, ama kwa kutojali.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kwa wifi. Katika kesi ile mimi nilikuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na hakuna zaidi. Jina langu halikuwa juu ya jalada. Jalada liliandikwa Jamhuri dhidi ya kijana yule. Huruma yangu mimi mwenye nyumba iliyovunjwa ni mali yangu, naweza kuitoa au kuizuia, na hakuna mchungaji wala mwanaharakati mwenye haki ya kumdai aliyebakwa, aliyejeruhiwa au aliyefiwa kwamba amwonee huruma aliyemtenda. Lakini Jamhuri haimo katika hali hiyo. Jamhuri haikuibiwa cherehani, haina usiku wa kukosa usingizi, na ndiyo iliyoshika funguo. Ikimtweza aliyefungiwa imemtweza kwa jina letu sote, na Katiba ile ile, katika Ibara ya 13(6)(e), imekataza adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha mtu, bila kuuliza kama anastahili.

Anayeona hayo ni maneno laini na aangalie yaliyofanyika hapo Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, iliwaweka mahabusu wake katika kizuizi cha Umoja wa Mataifa kilichojengwa ndani ya eneo la gereza la Arusha. Hao walikuwa watu walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari yaliyoua watu wapatao laki nane, miongoni mwao Jean Kambanda aliyekuwa waziri mkuu, ambaye alikiri na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1998. Walipewa mawakili, walipewa daktari, na kila mmoja alikuwa na chumba chake. Hakuna aliyedhani kwamba majaji wale waliwapenda. Waliilinda mahakama yao isifanane na watu iliowahukumu. Ni kweli kwamba wanawake walionusurika Rwanda walilalamika, tena kwa uchungu mkubwa, kwamba washtakiwa wa Arusha walipata dawa za virusi vya UKIMWI ilhali wao walioambukizwa kwa kubakwa hawakupata. Lalamiko hilo siwezi kulipita haraka. Ni aibu kubwa. Lakini aibu yenyewe ilikuwa kwamba wanawake wale walinyimwa dawa, na kumnyima mshtakiwa dawa kusingemponya hata mmoja wao.

Tena si kweli kwamba umma wetu hauna huruma kwa wafungwa. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli alipotangaza Dodoma msamaha kwa wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa dhidi ya watoto wa shule, makosa ambayo wao waliyakana siku zote, nchi ilishangilia. Kwetu dukani redio iliongezwa sauti. Sisemi lolote juu ya hatia yao. Ninachosema ni kwamba siku ile nilisikia shangwe nyingi na sikusikia mtu mmoja akiwataja wale watoto, na kwamba maelfu ya wafungwa wengine waliosamehewa siku hiyo hiyo hakuna aliyewaulizia majina. Huruma inayofuata nyimbo siiamini sana. Sabuni ya mche kwa mtu asiyejulikana ina maana zaidi kwangu.

Kijana alitoka mwaka jana, baada ya kupunguziwa theluthi ya kifungo kama sheria inavyoruhusu kwa mwenye nidhamu. Amejifunza ushonaji wa viatu huko ndani, na fundi mmoja wa mjini yuko tayari kumchukua, mradi apate mdhamini wa kujaza fomu. Alikuja na mama yake wiki mbili zilizopita. Tuliketi barazani, sikuwakaribisha sebuleni, na mlango wa nyuma bado naufunga kwa kufuli mbili. Hilo nalo ni kweli na sitaki kulificha. Nilimwuliza kuhusu cherehani. Akasema aliiuza usiku ule ule kwa mtu wa stendi asiyemjua, akainamisha kichwa.

Fomu nimeijaza Jumatatu. Palikuwa na sehemu ya kueleza uhusiano wa mdhamini na mwombaji, na kalamu ilinisimama pale kwa muda. Kisha nikaandika: jirani.