Eat a Peach, msiba ukitangulia

Wiki hii sijasikiliza kitu kingine ila Eat a Peach ya The Allman Brothers Band. Ni albamu ya mwaka 1972, rock ya kusini mwa Marekani, na kinachonishika kila mara ni mpangilio wake: inaanza baada ya mazishi, ndipo marehemu anaingia.

Marehemu huyo ni Duane Allman, mpiga gitaa wa bendi. Alifariki kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, tarehe 29 Oktoba 1971. Alikuwa na miaka 24. Kazi ya studio kule Miami ilikuwa imeshaanza, na wenzake watano wakarudi kuimalizia. Nyimbo tatu za mwanzo ni za hao watano peke yao. Katika ule wa kwanza, Ain't Wastin' Time No More, mdogo wake Gregg anaimba uchungu ukiwa bado mbichi, lakini hajikalii kulia. Anasema muda ni mchache, tusiuchezee. Kinachoniuma humo ni gitaa. Duane ndiye aliyekuwa bingwa wa kuteleza juu ya nyuzi kwa kichupa cha dawa ya mafua alichokivaa kidoleni. Sasa kazi hiyo imemwangukia mpiga gitaa mwenzake, Dickey Betts, naye anaipiga kwa heshima, bila kujitia Duane. Kisha inakuja Melissa, wimbo alioupenda Duane, ambao Gregg aliuimba siku ya mazishi yake.

Halafu huyu hapa Duane, mzima, jukwaani katika ukumbi wa Fillmore East, New York, katika Mountain Jam. Inazidi dakika 33. Kwenye santuri ilibidi ikatwe vipande viwili.

Lakini nikiambiwa nichague wimbo mmoja tu, nachukua Blue Sky. Umetungwa na kuimbwa na Betts. Duane ndiye anayetangulia na solo, anaitandaza bila haraka, kila noti imenyooka. Mara magitaa mawili yanakwenda sambamba, sauti moja juu, nyingine chini, na ukija kushtuka Duane ameshajitoa, anayeendelea ni Betts. Hakuna anayemfunika mwenzake. Napenda furaha iliyomo, furaha ya watu wasiojua kinachowasubiri, na siwezi kuisikia bila koo kunikaba. Baada yake ni Little Martha, magitaa mawili basi, dakika mbili na kidogo, utunzi wa Duane mwenyewe.

Novemba 1972 mpiga besi Berry Oakley naye akaondoka: pikipiki tena, Macon hiyohiyo, jirani na alipoanguka Duane, umri uleule wa miaka 24. Wamelazwa pamoja makaburi ya Rose Hill. Ndiyo maana siku hizi nikifika kwenye Mountain Jam naifuata kwanza besi yake, hasa pale wenzake wanapompisha apige peke yake.